Chai ya Gololi Jikoni kwa Mama

Nilimmwagia mdogo wangu Eliufoo sukari guru ya moto usoni. Sikuteleza. Nilishika sufuria kwa mikono miwili, nikamlenga.

Sukari guru hiyo ilikuwa ya binti yangu Fortunata. Alirudi nyumbani Mbaga mwezi wa tatu kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, alikokuwa akiishi na mvuvi mmoja, Erasmo. Alirudi na mbavu mbili zilizovunjika na mfuko mmoja wa nguo. Mimi nina kishamba cha tangawizi, na nyumbani tulikuwa tayari watu sita. Akasema hatakula bure. Aliona kwenye simu namna watu wa mjini wanavyotengeneza chai ya maziwa yenye punje za muhogo ndani, akasema hiyo ataiweza. Watoto wa hapa walipoiona wakaiita chai ya gololi.

Si kazi ya mchezo. Anakuna muhogo, anaukamua kwenye kitambaa, maji yakituama anachukua wanga mweupe wa chini na kuuanika. Anachemsha sukari guru na maji kidogo, anaimwaga juu ya wanga ikiwa bado inatokota, anakanda haraka huku vidole vinaungua. Anasokota kamba nyembamba, anakata, anaviringisha punje moja moja zinakuwa kama mbaazi. Kisha anazichemsha nusu saa na kuziloweka kwenye sukari guru nzito. Chai anaichemsha peke yake, majani mengi, mpaka inakuwa nyeusi na kukwaruza ulimi. Ikipoa ndipo anatia maziwa. Lakini gololi hazilali. Ukizipika asubuhi, jioni zimekuwa ngumu kama soli ya kiatu.

Kazi hiyo aliifanyia jikoni kwa marehemu mama yangu, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, kwa sababu kwenye jiko la mke wangu Hedwiga makande hukaa motoni siku nzima.

Jumamosi ile alikuwa na oda yake ya kwanza kubwa. Mwalimu mkuu alikuwa anaagwa saa nane mchana, na mwalimu Ikupa, aliyesimamia vinywaji, aliagiza vikombe arobaini. Dada yake Ikupa ana mgahawa Same mjini na alikuwa anatafuta mtu wa vinywaji. Ikupa alisema wageni wakiridhika, atampeleka Fortunata huko Jumatatu, na chumba cha kulala kipo. Erasmo alikuwa ameshapiga simu mara tatu kwamba anakuja kumchukua mke wake.

"Baba, nikipata Same, kule sirudi tena," Fortunata aliniambia. "Nisipopata, utanilisha mpaka lini?"



Alfajiri baragumu likalia. Ilikuwa msaragambo, siku ya kijiji kizima kufanya kazi pamoja, na kazi yenyewe ilikuwa kuzibua mfereji uliojaa matope. Kwetu kila moshi hutoa mtu mmoja, yaani kila jiko linalowaka. Asiyetoa mtu, wenzake huenda kwake na kuondoa chombo kilicho juu ya moto, na hakuna kuzuia. Atakikomboa kwa debe la mahindi ili waliofanya kazi wale. Mimi mwenyewe nimewahi kubeba vyungu vya watu, tena nikicheka. Nikaenda mferejini kwa niaba ya nyumba yangu na sikufikiria zaidi ya hapo.

Saa nne tukapumzika. Eliufoo ndiye aliyekuwa msimamizi. Alisimama ukingoni akatazama juu kijijini, akihesabu kwa kidole.

"Kaka, kwako mioshi miwili."

"Mmoja," nikasema. "Ule mwingine ni Fortunata anachemsha chai."

"Chai yake inachemka kwa jua?"

Watu wakacheka. Sifael, jirani yangu, jitu kubwa lenye mdomo, akasema, "Baba Fortu, kama umefukuzwa na mama Fortu umehamia kule nyuma, sema. Tukuchangie godoro."

"Mama amekufa, Eliufoo. Lile si jiko la mtu."

"Nilipoliomba mwanangu alale mle, uliniambia ni jiko la mama, halilalwi. Leo si jiko?"

Ni kweli nilimnyima. Mle ndani sikuweka kitu kwa miaka minne, na watoto wake walilala watano chumba kimoja.

"Chukua kuku," nikamwambia. "Chukua jembe langu hili. Kesho nakuletea madebe mawili. Sufuria ile iache mpaka saa nane."

"Utaratibu ni kilicho juu ya moto."

Akapanda, Sifael nyuma yake na mpini wa jembe, wengine wawili nyuma ya Sifael. Eliufoo alikuwa bado na panga la kufyekea kiunoni. Nikawafuata nikiongea njia nzima.

Fortunata alikuwa anakoroga gololi kwenye sufuria kubwa. Ndogo ya sukari guru ilikuwa pembeni kwenye makaa, inatokota taratibu. Alipowaona mlangoni alipiga goti.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Pisha hapo, mama."

"Nitapisha, baba mdogo. Naomba nusu saa tu. Nikizitoa sasa zinaharibika."

"Huko bwawani ndiko ulikojifunza kubishana na wanaume? Ndiyo maana unapigwa."

Alishika sufuria kubwa kwa gunia. Fortunata akashika sikio la upande wa pili kwa kanga. Wakavutana. Eliufoo akampiga teke la ubavuni, upande uleule uliovunjwa, nami nikasikia pumzi inavyomtoka. Sufuria ikapinduka, gololi zikamwagika majivuni. Fortunata akaanguka kifudifudi na mdomo ukagonga jiwe la jiko.

Hapo ndipo nilipochukua ile ndogo.

Maji ya moto yangemchuruzika na kwenda. Sukari haichuruziki. Iligandia jichoni, shavuni, shingoni. Mwanzo hakupiga kelele. Alijifuta kwa kiganja, na kiganja kikaondoka na ngozi ya shavu. Ndipo akalia. Akachomoa panga, akapiga bila kuona. Niliinua mkono wa kulia, vidole viwili vikaenda. Nikachukua jiwe la jiko kwa mkono wa kushoto nikampiga nalo kifuani, akaanguka, nikampiga tena akiwa chini. Ningempiga la tatu. Sifael akanishukia na mpini begani, mfupa ukalia kama kuni kavu, nikalala juu ya mdogo wangu.

Wale wengine wawili wakatuburuta nje. Hedwiga alipoingia mle ndani alimkuta Fortunata amepiga magoti, anaokota gololi moja moja majivuni na kuzisuuza kwenye bakuli la maji, damu inamdondoka humohumo kwenye bakuli.

"Saa ngapi, mama?" akauliza.

Sisi wawili tulishushwa Same kwenye gari moja la mboga, Eliufoo upande mmoja na mimi mwingine. Alilia mpaka barabara ya lami. Tulivyofika lami akanyamaza, nikadhani amekufa.

Hakufa. Jicho la kushoto ndilo lililokufa, na sikio la upande huo limebaki tundu. Mimi ni vidole viwili na bega lisilopanda. Mahakama ilinipa miaka miwili, nikaitumikia yote. Yeye alipewa mwaka mmoja. Jiko la mama lilibomolewa na wanangu wenyewe nikiwa gerezani. Fortunata alipoteza meno mawili ya mbele. Jumatatu Ikupa hakuja kumchukua. Jumanne Erasmo alikuja na bodaboda, na hapakuwa na mwanaume mtu mzima wa kusimama mlangoni, kwa maana mimi na Eliufoo tulikuwa hospitali, mimi nikiwa na pingu kitandani. Fortunata alipanda bila kuvutwa. Tangu hapo amevunjwa mkono mara mbili, ninazozijua mimi, na mimba moja imetoka.