Rangi ya Yai

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gesi inayumba, kikaango hakijapata moto sawasawa, na mpishi wa hospitali alikuwa ameshakata slesi themanini za mkate za wagonjwa arobaini. Mayai manne. Ndiyo, manne, kwa watu arobaini! Kilichobaki ni maji, unga wa ngano, chumvi na kijiko cha rangi ya njano. Jikoni mchanganyiko huo waliuita "sera", kwa sababu uliletwa na barua kutoka juu.

Mlango ulisukumwa. Msimamizi wa jiko aliingia amekumbatia trei nzima ya mayai kama mtoto mchanga. Wafanyakazi walimbatiza jina la Kipimo, maana hata majani ya chai aliyapima.

"Wakaguzi wanakuja saa mbili, wako watano. Mayai haya ni yao. Tosti ziwe nzito, waone wagonjwa wetu wanavyokula."

"Na wagonjwa wenyewe?"

"Wagonjwa si wana sera yao?" Kipimo alicheka, kisha akashusha sauti. "Mama, leo usiniangushe. Orodha ya ajira inasainiwa mchana, na jina lako ni la kwanza. Miaka sita ya kibarua, hujachoka tu?"

Mpishi alikuwa amechoka, tena sana. Kibarua akiugua siku mbili, ya tatu anakuta mtu mwingine kashika mwiko wake. Mwaka jana alipika na homa huku ameegemea ukuta.

Kipimo akaenda getini kungoja wageni. Mpishi akavunja mayai yote thelathini kwenye bakuli kubwa, akayakoroga, akaacha. Akaosha kisu kilichokuwa safi. Akachungulia dirishani, akarudi, akachungulia tena. Bibi wa kitanda cha saba hakumtoka kichwani. Alikuwa amepasuliwa tumbo, na daktari alimwandikia mayai mawili kila asubuhi. Jana alimshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, rangi ya yai naiona kila siku. Yai lenyewe liko wapi?"

Jana mpishi alicheka. Leo swali hilo lilimchoma.

"Potelea mbali," akasema. Slesi za wagonjwa akazichovya kwenye mayai, akazikaanga mbiombio, mafuta yakimrukia mkononi. Za wageni akazichovya kwenye sera. Waonje wenyewe, alijiambia, wakionja wataona aibu. Hata hivyo aliwatilia kitunguu na pilipili manga, kwani mpishi ni mpishi.

Shoga yake aliyekuwa akisukuma toroli la wodini alisimama mlangoni akivuta harufu. "We! Leo kuna harusi?"

"Peleka toroli, shoga. Usinusenuse."

Wageni walifika saa tatu kasoro, njaa imewakaba. Mkuu wao alimaliza slesi nne bila kuinua kichwa.

"Safi kabisa," alisema akipangusa midomo. "Hata nyumbani kwangu sipati tosti kama hii. Ndiyo wanayokula wagonjwa?"

"Hii hii, mheshimiwa," alijibu Kipimo.

Mkuu akafungua jalada lake. "Basi yale maombi yenu ya kuongezewa mayai hayana haja. Mayai yanatosha."

Mpishi, aliyekuwa akiwamiminia chai, aliweka birika mezani. Hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo.

"Hakuna yai la maana hapo, mheshimiwa," alisema. "Ulichokula ni unga na rangi. Mayai wamekula wagonjwa, tena ni leo tu."

Kipimo akaangua kicheko. "Huyu mama! Kwa utani hajambo!" Mkuu naye akacheka mpaka akakohoa, na wenzake wakafuata.

"Mnaye mpishi mcheshi," alisema mkuu. "Wagonjwa watapona haraka." Akaandika, akapiga muhuri.

"Sitanii!" mpishi alisema kwa nguvu. Lakini viti vilikuwa vimeshasogezwa, watu wanapeana mikono.

Kipimo aliwasindikiza mpaka garini, akarudi uso umembadilika. "Jina lako nimelifuta. Kesho usije."

Mpishi alivua aproni, akamtundikia begani.

"Sawa," alisema. "Basi kesho toroli likipita, nenda nalo wewe. Ukawaambie wagonjwa mayai yanatosha."