Maporomoko Meupe Ukutani

Kila Jumapili kabla ya ibada, Kalekye alifuta lenzi ya projekta kwa ncha ya leso, akachomeka waya, akafungua nyimbo kwenye kompyuta, kisha akamgeukia mama yake aliyeketi benchi la pili na kumuuliza kama maandishi yamefika ukutani. Mama yake, Kanini, aliinua kiganja na kusema, "Nimeona." Hapo ibada iliweza kuanza.

Jumapili hiyo alisema vilevile na kuinua kiganja vilevile. Ila kupitia kiganja hicho Kalekye aliona dirisha, na nje ya dirisha mbuzi aliyefungwa kwenye mti wa miiba. Aligeuka upesi akafuta lenzi mara ya pili.

Alijua maana yake. Mzee Mutisya alianza hivyo hivyo, wakati wa kuvuna ndengu. Maandishi ya kanisa lile la Malili yalikuwa meupe, nayo yalipangwa juu ya picha ya maporomoko ya maji ambayo pia ilikuwa nyeupe, na kila lori lililopita barabara kuu liliyatikisa. Wenye macho mazima waliyasoma kwa kukunja uso. Wasioweza kuyasoma walififia. Mutisya aliondokewa na masikio, halafu mikono, na sasa lilikuwa limebaki koti lake la kijivu, limeketi wima, likikohoa. Waumini walisema mzee amehamia kwa mwanawe Emali. Mwenye kupitisha kikapu cha sadaka alilivuka koti bila ubaya wowote, na mara nyingine sarafu ilisikika ikianguka sakafuni pale kikapu kilipokwisha kupita.

Chuoni Kitui, Kalekye alifundishwa kompyuta na mwalimu ambaye mwenyewe aliona kwa shida. Mwalimu huyo aliwaambia kuwa mtu wa macho hafifu humfanyii maandishi makubwa tu ukadhani umemaliza. Unaondoa picha, unaweka weusi nyuma, halafu herufi nene za manjano. Kalekye alilishika somo hilo. Siku ya kuhitimu, mama yake alisimama akapiga makofi kabla jina la bintiye halijaitwa, na Kalekye akafikiri ni furaha.

Basi Jumapili hiyo, kabla ya wimbo wa pili, aliondoa maporomoko. Ukuta ukawa mweusi, maneno yakawaka manjano. Mzee Mutisya akarudi kuanzia kwenye kola kwenda juu, akauliza mbona hakuna aliyemsalimia tangu ndengu. Jirani yake akamsalimia, akamwambia amekonda kidogo. Kiganja cha Kanini kikazibika taratibu, kama maziwa yanavyoshika utando. Wimbo ule uliimbwa kwa sauti ambazo kanisa lilikuwa limezisahau, na Mutisya aliuharibu vizuri kuliko wote.

Baada ya ibada Pasta Nzioka alimwita kando. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemwekea soda.

"Kalekye, huo weusi ni wa matanga," alisema. "Watu wanakuja hapa kufurahi. Na Jumapili ijayo tuna wageni wa Nairobi, ndio waliotuletea projekta pamoja na hiyo picha. Rudisha maji."

Kalekye alitaka kumwambia kuwa mama yake anaisha. Maneno yalifika kwenye meno.

"Sawa, pasta," akasema.

Kanini ndiye aliyesoma andiko mbele ya kanisa, kwa miaka yote ambayo Kalekye aliweza kukumbuka. Sasa kila jioni Kalekye alimsomea andiko la Jumapili, mama akalirudia mpaka likakaa kichwani, na wote wawili waliita hayo mazoezi. Ingejulikana kwamba haoni, usomaji ungepewa Eunice, muumini mwenzake. Kalekye hakutaja macho ya mama yake. Hakutaja kiganja pia, kwa kuwa aliogopa kwamba akikitaja kitaondoka. Kanini alichovya kidole kikombeni ili ajue chai imefika wapi, na Kalekye akatazama kando. Siku zilivyosonga alizoea kuona mkono wa sweta ukikoroga muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, peke yake. Jumamosi usiku kitambaa cha kichwa, kisicho na uso, kilimtakia usingizi mwema.

Wageni walifika wakiwa na andiko lao, si lile la mazoezi, na Kalekye akaliandika juu ya maporomoko kama alivyoagizwa. Pasta akamwita Mama Kalekye asome. Sare ya kikundi cha akina mama ilisimama benchi la pili, ikapanda madhabahuni ikipapasa ngazi kwa ncha ya kiatu. Kipaza sauti kikainuka, kikabaki hewani.

Lori likapita. Maandishi yakatikisika, yakatulia. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimeuelekea ukuta. Kidole cha Kalekye kilikuwa juu ya kitufe cha weusi, na kilikuwa baridi. Pasta alimtazama, akatikisa kichwa kidogo, kisha akawatabasamia wageni.

"Soma, mama."

"Ni koo tu," kitambaa kikasema.

"Pole. Eunice, tusaidie."

Eunice akasoma akiwa mahali pake, akasoma vizuri, na wageni wakasema amina. Maji yaliendelea kumwagika ukutani. Koti la kijivu likakohoa. Mwenye kikapu akaanza kujiandaa.

Kalekye aliacha kompyuta akaenda mbele. Hakuwa amewahi kusimama pale watu wakimtazama. Alipapasa mwishoni mwa mkono wa sare, akiogopa kwamba hatapata kitu. Akapata vidole, vya moto, vimekishika kipaza sauti.

"Nimeona, mwanangu," mama akanong'ona, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Niache. Nimeona."

"Mwaitu, mama yangu," Kalekye akasema, na kanisa zima likasikia, "mimi sikuoni."

Vidole vikamkaza.

"Na mimi sikuoni," Kanini akasema. "Siku ile ulipohitimu Kitui, nilimpigia makofi msichana wa watu."