Saini ya Verna Kessinger

Saa nane mchana Verna Kessinger alikuwa amesimama kwenye dirisha la ofisi ya uchaguzi ya kaunti, buti za kiwandani ziko miguuni. Zamu yake ingeanza saa tisa. Barua ilikuwa imemwambia kwamba kura aliyoituma kwa posta imewekwa kando: saini ya kwenye bahasha hailingani na ile iliyomo kwenye daftari la wapiga kura. Leo ndiyo siku ya mwisho ya kurekebisha.

Gavana alikuwa amemaliza mihula yake, na wawili waliogombea kiti hicho walipishana kwa kura mia moja na tisa, jimbo zima. Mmoja wao aliahidi kuing'oa bodi ya fidia kwa walioumia kazini, ile iliyomwandikia Verna mwezi wa nne kwamba mkono wake ni mzima, hivyo halipwi kitu. Ndiyo maana alikuja, ingawa alikuwa amechoka kufa.

"Tia saini hapa, kama ulivyotia zamani," alisema karani, Lorene Ostmeyer, ambaye Jumapili huketi naye benchi moja kanisani.

Verna akashika kalamu. Kukata nyama ya ng'ombe miaka kumi na tisa, kwenye baridi ile, kulikuwa kumevikakamaza vidole vyake. Herufi zikatoka zimeangukiana.

"Mama wee! Haifanani hata kidogo."

"Lorene, si unanijua? Juzi msibani ulikula viazi vyangu sahani mbili."

"Tatu. Mimi nakujua, shoga. Kamati ya kukagua saini ndiyo haikujui." Lorene akafungua droo, akatoa fomu nyingine. "Weka alama ya X, mimi nitashuhudia. Hii ni ya wasioweza kutia saini."

Verna akaisoma polepole. *Naapa kwamba kwa sababu ya ulemavu wa mkono siwezi kuandika jina langu.* Juu kulikuwa na nembo ya jimbo, ileile iliyokuwa kwenye barua ya bodi. Kicheko kikamtoka, kikavu, kisha akaona uchungu.

"Nikiweka X, utagonga muhuri?"

"Lazima."

"Basi nipe nakala yenye muhuri."

"Nakala hatutoi. Ya nini?"

"Ya bodi ya fidia."

Lorene akageuka kuutazama mlango wa bosi wake. Mume wa Lorene alikuwa msimamizi kulekule kiwandani alikofanya kazi Verna.

"Verna, usinitie matatani. Weka alama uende, utachelewa."

"Nichelewe." Verna akaifunika fomu kwa kiganja. Akichelewa kazini angeandikiwa pointi ya saba ya utoro, na ya nane ni kufukuzwa. "Sisemi uongo hapa, wala sijasema uongo kule. Nipe nakala."

Hatimaye Lorene akaitikia kwa kichwa. Verna akaweka X mbele yake, mistari miwili iliyopinda; Lorene akagonga muhuri, na mashine ya nakala ikaanza kunguruma.

Saa tisa na dakika kumi na moja, kiwandani, msimamizi alimwandikia pointi ya saba. Verna akavaa glavu, karatasi yenye muhuri iko kifuani, akaanza kukata.