Nani Alikunywa Mtori

Uvumi huo nililetewa na mteja. Ilikuwa Jumatano asubuhi, sokoni Mchikichini, kwenye meza yangu ya viatu vya mtumba. Mama mmoja alikuwa ameinama anapima raba za mwanawe kwa kamba, maana mtoto mwenyewe yuko shule, akaniambia bila hata kuinua macho:

“Dada, eti kuna mama wa humu humu sokoni kwenu kamlea mjukuu wake miaka tisa, anamdanganya kuwa yeye ndiye mama yake. Halafu mwenyewe kayaandika, kaenda kuyasoma hadharani, kashika na kipaza sauti! Unamjua?”

“Simjui,” nikasema.

“Watu wana roho! Sasa huyo mtoto akija kusikia?”

Nikamfungia raba zake akaenda. Baadaye niligundua nimemfungia mbili za mguu wa kushoto.

Mama huyo ni mimi. Mtoto ni Vicky, yuko darasa la tatu, na Jumatano ile alikuwa bado hajasikia kitu. Hilo tu ndilo nililokuwa nalo: kwamba bado hajasikia.

Nawaandikia ninyi mnaoanza darasa la uandishi pale Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Mimi jina langu la ubatizo ni Blandina, ila sokoni wananiita Mama Nice, kwa jina la binti yangu mkubwa. Nimesoma mpaka darasa la saba nikaishia hapo. Siji kuwaambia msiandike. Kuandika ni kutamu, na hapo ndipo penye shida.

Nice ndiye aliyenipeleka. Aliona tangazo la darasa mlangoni pale, karibu na duka anapouza makava ya simu, akaja nyumbani Ilala anacheka. “Mama, wewe ukisimulia kitu watu wanasahau kula. Nenda kaandike.” Basi nikaenda. Jumamosi mchana, ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia. Tulikuwa kumi na mmoja, wengi wana vyeti vyao, mimi na daftari la hesabu nililochukua kwa Vicky.

Mwalimu wetu, Ansbert, ni kijana mpole sana. Kila akitaka kukata kitu chako anakuamkia kwanza. “Shikamoo mama. Hii aya ya kwanza tuitoe yote.” Unaitika marahaba huku aya inakwenda na maji.

Mwezi wa kwanza alitufundisha kumbukumbu: unaandika yaliyokupata, unasema mimi, huongezi. Mwezi wa pili hadithi fupi: hapo unabadili majina, mtaa, kazi, unazua unavyotaka. Ila kote kuwili alikuwa anasema neno moja. Msomaji haamini maneno makubwa, mpe kitu anachoweza kukiona. Usimwambie ulikuwa na huzuni. Mwambie ulivaa kandambili za nani siku hiyo.

Nikaandika kuhusu sokoni. Nikaandika kuhusu kifo cha mume wangu Theophil. Nikaandika mafuriko ya Jangwani. Zote zilirudi na wino mwekundu chini yake: “Mama, hapa kuna kitu unakizunguka.” Sentensi hiyo ilinikaa kama mwiba wa samaki. Nilikuwa nafua, naisikia. Napanga viatu, naisikia. Mpaka wiki moja nikaacha kuzunguka.

Niliandika hivi. Nice alipata mimba akiwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili. Aliyempa alihama mji hata tumbo halijaonekana. Theophil, Mungu amrehemu, hakumpiga. Alikaa kitandani akafikiri, akasema, “Mtoto ni wetu. Wewe Mama Nice ndiye mjamzito, basi.” Nikaanza kuvaa madera mapana. Nikawaambia wenzangu sokoni kwamba hospitali wameniamuru nipumzike, nakwenda kwa mama yangu Kibosho, Kilimanjaro, na Nice anakuja kunisaidia. Meza yangu akanishikia jirani yangu Hajira, mwenyeji wa Lindi, rafiki yangu mpaka leo.

Sasa, kwetu mzazi hatoki. Miezi mitatu yuko ndani, anakandwa, analishwa mtori wa ndizi na nyama, maziwa, supu, asubuhi mpaka jioni. Anatoka hapo mashavu yanang'aa, na watu wanajua nyumba ile ina adabu. Mama yangu alimlisha Nice kama ilivyotakiwa. Mimi nilikuwa nachota maji, nachanja kuni, nalala chini. Tuliporudi Dar nilikuwa nimembeba Vicky mgongoni, na nguo zinanivuka mabegani. Hajira akanitazama juu mpaka chini, akapiga makofi.

“Mama Nice! Mchaga gani huyu katoka uzazi kakonda kama njiti ya kiberiti, na aliyekwenda kumkanda ndiye kanenepa? Huo mtori alikunywa nani?”

Soko zima likacheka. Nikasema Nice mlafi. Nice akainama, akawa anafunga kamba za viatu visivyokuwa vyake.

Ile kumbukumbu sikumsomea mtu. Nilimpa mwalimu mkononi, naye aliirudisha bila alama nyekundu hata moja. Akaniuliza, “Mama, huyu binti ameisoma?”

Nikasema ndiyo.

Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Najua. Sikutaka aniambie niache.

Mwezi wa hadithi fupi ulipofika, nilichukua yale yale nikayageuza. Nice akawa Hilda. Mimi nikawa muuza samaki wa Tanga. Kilimanjaro nikaitoa, mtoto nikamfanya wa kiume, Theophil nikamfanya mvivu, anisamehe. Nilibadili kila kitu, nikajiona mjanja. Mtori niliubakiza, na yule jirani anayeuliza nani aliunywa. Kwenye ile kumbukumbu mwalimu alikuwa amepigia mstari hapo kwa penseli akaandika: “Hiki ndicho.” Ningekitoaje?

Mtaniambia watu wa Tanga hawamlishi mzazi mtori. Naam. Hata hilo sikuliona.

Mwisho wa darasa ikawa siku ya kusoma, kila mtu aalike watu wake. Nice alikuwa kazini. Mimi nikamwalika Hajira, na Paskalina, binti mmoja mchangamfu aliyeingia sokoni mwaka juzi, meza yake iko mkabala na yangu. Wakaja wamejipamba. Walikaa mbele kabisa, Paskalina ameinua simu ananirekodi, na mdomo wake unasema “mwenzetu huyo!” bila sauti.

Nilisoma vizuri. Niwaambie ukweli, sijawahi kusikilizwa namna ile maishani mwangu. Hata kanisani nikisoma tangazo la jumuiya watu wanakohoa. Pale kimya. Nilipofika kwa jirani na swali lake la mtori, ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Hajira akacheka kuliko wote, akampiga Paskalina begani.

Halafu akaacha.

Nilikuwa namwona. Kicheko kilimtoka usoni taratibu, akawa ananitazama kama mtu anayehesabu. Utani ule ulikuwa wake. Nilikuwa nimechukua maneno ya mdomoni mwake mwenyewe nikamsomea. Nikaendelea kusoma, maana ningefanya nini, nishushe karatasi? Watu wakapiga makofi. Hajira alinikumbatia mlangoni, akanishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikaniumiza.

Kesho yake, Jumapili, nilipotoka kanisani nikamkuta amekaa kizingitini kwangu.

“Vicky yuko wapi?”

“Kabaki na watoto wenzake, wana mazoezi ya kwaya.”

“Vizuri. Mama Nice, mimi sijasema kwa mtu, na sitasema. Lakini Paskalina katuma ile video kwenye kundi la wauza viatu. Jana ile ile, watu wanapiga makofi, yeye anatuma. Kaandika ‘hongera mwenzetu’ na maua.”

“Haelewi.”

“Yeye haelewi, kaja juzi. Lakini mle kundini tupo tuliokuwepo uliporudi na mtoto. Mama Bryson kaniandikia pembeni: kumbe mtori alikunywa Nice. Kaweka na vicheko.”

“Mwambie Paskalina aifute.”

“Kafuta asubuhi hii, analia. Wenzake wameshaipeleka kwingine. Sasa utafuta simu za watu wote?”

Nikakaa naye pale kizingitini. Hajira akasema, “Mwambieni mtoto leo. Kabla ya kesho.” Nikasema ndiyo. Jumapili ikapita. Jumatatu Vicky alikuwa na mafua, nikaona asipewe mawili kwa pamoja. Jumanne nikasema labda yamepita, watu wa Mchikichini wana mambo mengi, kesho watapata la mtu mwingine. Jumatano ndipo akaja yule mteja wa raba, na kumbe hata Mchikichini hakai, alikuwa kaja kununua tu.

Nikamwomba Hajira anitazamie meza, nikaenda Kariakoo kwa miguu, nusu natembea nusu nakimbia. Nice alikuwa anambandikia mteja kioo cha simu. Alinitazama mara moja akamaliza kazi yake kwanza, akatoa mapovu yote ya hewa kwa kadi, pole pole. Mteja alipoondoka akasema:

“Nimeiona tangu Jumapili.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilikuwa nasubiri wewe uniambie.”

“Nice mwanangu, nilibadili majina.”

“Ulibadili.” Akacheka kidogo, kicheko kibaya. “Mama, mimba nilibeba mimi. Shule niliacha mimi. Mtori nilikunywa mimi. Kila siku anaponiita dada, naitika mimi. Wewe umeandika kama ni mambo yako.”

“Ni yangu pia.”

“Ni yako pia. Ungenisomea, basi. Ningekwambia toa pale pa mtori.”

Tukakubaliana tumwambie Vicky jioni ile, wote wawili, tumkalishe katikati. Nice akapanga nani aanze. Akasema ataomba ruhusa saa kumi. Mimi nikanunua chipsi kuku ambazo Vicky anazipenda, nadhani nilifikiri habari ile inaliwa na kitu.

Tulifika nyumbani saa kumi na moja kasoro. Vicky alikuwa ameshafika. Hakuvua sare wala begi. Amesimama katikati ya chumba, ameshika kiti kwa nyuma, na tulipoingia hakutuamkia. Alimtazama Nice, akanitazama mimi, akamrudia Nice, anatulinganisha. Mtoto wa miaka tisa anatulinganisha pua.

“Nani kakwambia?” Nice akauliza.

“Kila mtu.”

Nice akapiga magoti. Alikuwa na maneno yake aliyoyapanga njia nzima, nilimsikia akiyarudia, na hata moja halikutoka. Mimi nikaanza kueleza, nikajikuta nasema, “Vicky, ile ilikuwa hadithi tu,” kumdanganya tena, hapo hapo, mbele ya Nice aliyepiga magoti. Nice akasema, “Mama, nyamaza.” Ndipo Vicky akasema neno moja, kwetu wote wawili.

Neno hilo silisemi hapa. Nilimwuliza juzi kama naweza kuliandika, akatikisa kichwa.

Sasa ni wiki ya saba. Nice amerudi kulala chumba kimoja naye. Wakati mwingine nawasikia wanaongea, nikikaribia wananyamaza, si kwa hasira, wananyamaza tu. Vicky anakula, anakwenda shule, anasali. Ila hamwiti mtu. Mama hasemi, dada hasemi, bibi hasemi. Akitaka kitu anakuja kusimama mbele yako mpaka umwone. Mimi siku nzima nageuka nyuma kutazama kama kasimama. Hajira anasema nimpe muda. Padri kasema hivyo hivyo. Nimempa. Sina kingine cha kumpa.

Mwalimu Ansbert alikuja nyumbani kuomba radhi, nikamwambia kosa si lake, nilimdanganya. Akaniomba niwaandikie ninyi. Safari hii nilimpa Nice asome kwanza. Alisoma akiwa amesimama mlangoni, akaomba kalamu, akakata sehemu mbili, akanirudishia. Hamtajua ni zipi. Vicky nilimsomea sehemu zinazomhusu, akasikiliza mpaka mwisho, akakataa hilo moja tu.

Basi, mambo ya kuepuka ni haya:

Usiandike siri ya mwanao ukasema ni maisha yako.

Usiamini kwamba kubadili majina kunatosha. Watu wanasahau majina, utani wao hawausahau.

Mwalimu akiuliza kama mhusika ameisoma, usiseme ndiyo wakati ni hapana.

Usiwasomee wa sokoni kabla ya wa nyumbani.

Usikubali simu ziinuliwe siku ya kusoma. Ziwekwe kwenye kapu mlangoni.

Usimlaumu aliyerekodi.

Kama kuna la kumwambia mtoto, usingoje mafua yapone. Usingoje jioni.

Usinunue chipsi.

Usiseme ilikuwa hadithi tu.