Namba Inayoeleweka

Dimbwi lilikuwa linachemka. Hapakuwa na moto chini yake, wala jua juu yake. Yalikuwa maji ya mvua ya jana, meusi, yaliyotuama kati ya bomba la ishirini na saba na ukuta wa dampo. Mapovu yalipanda moja baada ya jingine, taratibu, kama ya mtu anayepumulia majini. Mwanamke aliyepiga magoti kando yake aliyatazama kwa muda, kisha akachomeka mpira wa mashine kwenye mdomo wa bomba, akangoja.

Wenzake walimwita Bi Mita. Kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa kuzunguka kilima cha taka na mashine ya kupimia gesi, bomba kwa bomba, yote thelathini na moja, akiandika kila moja limesema nini. Kabla ya hapo alikuwa mwokota chupa juu ya kilima hichohicho. Walimwajiri kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa mlevi. Walimfundisha kwamba taka zikioza hutoa gesi, na gesi hiyo haionekani. Harufu unayoisikia ni ya vitu vingine inavyopita navyo. Inatakiwa ivutwe na pampu, ipelekwe kwenye mwenge juu ya kilima, iungue huko. Lakini pampu ilikuwa imekufa tangu mwaka uliopita na mwenge ukazimika. Kipuri kiliagizwa. Kila alipouliza, kipuri kilikuwa njiani.

"Gesi ni kama mgeni asiye na haya," fundi wa pampu alimwambia siku alipostaafu. "Ukimfungia mlango wa mbele, anazungukia uani."

Mashine ililia. Sita nukta moja.

Bi Mita alifuta kioo kwa mkono wa koti, akasoma tena. Kwenye mabomba ya ukutani kiwango kilichoruhusiwa kilikuwa moja kwa mia. Ikifika tano, cheche moja inatosha. Na upande wa pili wa ukuta ule, hatua kumi na mbili tu, palikuwa na nyumba ya kaka yake.

Afisa mazingira alikuwa na ofisi yake kwenye kontena lililopakwa rangi ya kijani. Alikuwa kijana wa shahada mbili, mpole, mwenye buti zisizojua matope.

"Sita?" alisema bila kuinua macho. "Mama, unajua maana ya sita?"

"Maana yake ni sita."

"Maana yake leseni haitoki. Wakaguzi wanachukua fomu Ijumaa." Alivua miwani, akaipangusa. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayembembeleza mgonjwa anywe dawa. "Mvua ikinyesha hizi mashine zinachanganyikiwa. Kapime tena."

Kwenda na kurudi ilikuwa nusu saa, na matope yalifika kwenye vifundo vya miguu. Sita nukta mbili.

"Kapime tena."

"Afisa, nimeshapima mara mbili."

"Mimi sijakwambia uandike kitu chochote. Tumeelewana? Nimesema upime mpaka ipatikane namba inayoeleweka."

Mara ya tatu Bi Mita hakwenda kwenye bomba. Alipitia geti dogo la nyuma, akafuata ukuta kwa nje, akaingia uani kwa kaka yake.

Wifi yake alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya viazi. Kwa dirisha ilisikika cherehani. Kaka alikuwa na oda ya sare za shule, na alikuwa fundi ambaye suruali yake ilirithiwa na wadogo watatu kabla haijafumuka.

"Leo umekuja na mdudu wako," wifi alisema. "Karibu. Anakula nini?"

"Anakula hewa, wifi."

"Basi huku kwetu atashiba."

Bi Mita alicheka kidogo, akaingia ndani. Chini ya meza ya kukatia vitambaa sakafu ilikuwa na ufa, mrefu kama mkono. Aliuchomeka mpira mle. Mashine haikukawia. Tatu nukta tano. Akapima mara ya pili, safari hii bila kutumwa na mtu. Tatu nukta tano.

Aliwaeleza wote wawili, polepole, kama alivyoelezwa yeye miaka ile. Kaka alitoa mguu kwenye pedali.

"Basi andika. Si ndiyo kazi yako? Andika waje watengeneze."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kisu mkononi. "Wakiandikiwa kwamba gesi imefika hapa," alisema, "watahamisha gesi, au watatuhamisha sisi?"

Nyumba ile ilijengwa na baba yao wakati dampo likiwa bado mbali, ng'ambo ya bonde. Ni dampo lililowafuata. Lakini hati hawakuwa nayo, na mtaa mzima haukuwa nayo. Kwenye ramani iliyotundikwa ofisini kwa meneja, mahali pa nyumba zao palipakwa rangi ya kijivu na kuandikwa: eneo la wazi.

"Usituandike, wifi," mke wa kaka alisema kwa sauti ya chini. "Tutafungua madirisha. Tumeishi na harufu, tutaishi na hii nayo."

"Hii si harufu."

"Najua. Nakuomba tu."

Bi Mita alimtazama kaka yake. Kaka alitazama sindano.

"Moto msiwashe ndani," Bi Mita alisema mwishowe. "Hata pasi. Mkaa wa pasi uwashieni nje."

"Tutawashia nje," kaka alijibu.

Bi Mita alirudi kwenye kontena, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akaandika kwenye safu ya ishirini na saba: sifuri nukta nne. Akatia saini. Afisa aliitazama fomu, akaiweka kwenye faili.

"Unaona?" alisema. "Pole na matope, mama."

Mwezi uliofuata hakutumwa kurudia. Uongo wa kwanza ulikuwa mzito. Wa pili ulikuwa umeshaijua njia. Aliendelea kupita kwa kaka yake kila wiki na mashine, akipima ule ufa, akifungua madirisha mwenyewe akiyakuta yamefungwa. Namba ilipanda, ikashuka, ikapanda. Kila alipoitaja, wifi alisema, "Asante, wifi," kama mtu anayeletewa salamu za ndugu asiyependwa.

Mwezi wa nne wa uongo ule mvua ilinyesha wiki nzima. Udongo wa juu ya kilima ulishika maji, ukaziba kama kifuniko. Katikati ya wiki hiyo kaka na wifi walisafiri kwenda kuzika. Walifunga mlango na madirisha yote, kwa sababu mtaa ulikuwa na wezi na vitambaa vilivyokuwa ndani vilikuwa vya watu. Walirudi siku ya tatu asubuhi. Wifi alichukua ndoo akaenda kuchota maji bombani. Kaka alikuwa na sare ishirini za kupiga pasi kabla ya saa sita. Nje ilikuwa inanyesha. Aliuacha mlango wazi kwa muda wa kuvua viatu, akatia mkaa kwenye pasi, akawasha kiberiti.

Bi Mita alikuwa kwenye bomba la kumi na tisa. Haukuwa mlio mkubwa. Ulisikika kama mtu aliyekung'uta godoro. Alijua kabla ya kugeuka.

Alimkuta kaka yake ameketi kwenye matope mbele ya mlango, ameinyoosha mikono mbele kama aliyebeba sinia. Nyusi hazikuwepo. Ngozi ya vidole ilikuwa imebambuka, ikining'inia kama glavu kubwa kuliko mkono. Hakuwa analia.

"Dada," alisema, "ebu niangalizie vitambaa vya watu kama vimeungua."

Kikao kilifanyika wiki tatu baadaye, kwenye ukumbi wa kampuni. Mezani walikaa meneja, afisa mazingira, na mkaguzi aliyetoka mamlaka ya mazingira, mwanamke wa rika la Bi Mita, mwenye sauti ya taratibu. Maji ya chupa yalipangwa mbele ya kila mtu isipokuwa mbele ya kiti cha Bi Mita.

"Dada, mwandiko huu ni wa nani?" mkaguzi aliuliza.

"Wangu."

"Na saini?"

"Yangu."

"Bomba la ishirini na saba, miezi minne mfululizo, namba iko chini ya moja."

"Ndivyo nilivyoandika. Mashine haikusema hivyo. Ilisema sita. Mwezi wa mwisho ilisema tisa."

Mkaguzi aliweka kalamu chini. Kwa muda Bi Mita alidhani amesikika.

"Kwa hiyo uliandika uongo."

"Nilirudishwa nikapime mpaka ipatikane namba inayoeleweka."

"Na nani?"

Bi Mita alimtazama afisa mazingira. Kijana yule alikuwa amekunja mikono juu ya meza, anatazama kucha zake.

"Nilimwambia arudie kupima," alisema kwa upole. "Kurudia kupima ni utaratibu. Upo kwenye mwongozo."

"Kuna barua?" meneja aliuliza. "Kuna mahali popote tulipokuandikia uandike sifuri nukta nne?"

"Hakuna."

"Mama, hapa tunafanya kazi kwa maandishi."

"Mashine inatunza kumbukumbu," Bi Mita alisema. "Ifungueni muione."

Meneja na afisa walitazamana. Afisa ndiye aliyejibu. Mashine ilipelekwa kwa mafundi kusawazishwa, wiki ileile ya ajali, kama ratiba inavyotaka. Imerudi vizuri kabisa. Kumbukumbu za zamani zimefutwa. Ndivyo mafundi wanavyofanya siku zote.

Mkaguzi alifunga daftari. Akamtazama Bi Mita, si kwa ubaya. "Nikuulize swali moja, mwanamke kwa mwanamke. Ulikuwa unajua kaka yako anakaa juu ya gesi, na ukanyamaza miezi minne?"

Bi Mita alifungua kinywa. Alitaka kueleza habari ya hati, na ramani, na rangi ya kijivu, na wifi mlangoni na kisu cha viazi. Maneno yalikuwa mengi na yote yalionekana kama visingizio.

"Ndiyo," alisema.

Mkaguzi aliliandika hilo.

Taarifa ilipotoka ilikuwa na kurasa kumi na mbili. Ilisema kwamba kwa mujibu wa vipimo vilivyosainiwa, hapakuwa na gesi iliyovuka ukuta. Kwamba chanzo cha moto kilikuwa matumizi ya mkaa ndani ya chumba kisicho na hewa. Bi Mita alifukuzwa kazi kwa kughushi vipimo. Vipimo vyenyewe vilibaki kwenye faili, ndivyo vilivyotajwa ukurasa wa tano kuwa ushahidi. Leseni ilitoka. Ukurasa wa mwisho ulishauri kwamba nyumba kumi na nne zilizo karibu na ukuta ziondolewe, kwa usalama wa wakazi wake. Tingatinga lilikuja Jumanne, likamaliza kabla ya saa nne.

Kaka na wifi walihamia kwenye vyumba viwili vya Bi Mita. Kaka alipewa kitanda. Mikono yake ilipona kwa namna yake: vidole vilishikana, vikajikunja kuelekea kiganjani, na daktari alisema vikinyooshwa vitachanika. Cherehani, iliyopona, ilikaa kwenye kona ikafunikwa shuka. Akiwashwa sikio alimwita mkewe. Mkewe asipokuwepo, alisugua sikio ukutani.

Kisha ikaja barua. Kampuni, ikiwa jirani mwema, ilitoa nafasi moja ya kazi kwa kila familia iliyoathirika, kwa yeyote anayejua kusoma na kuandika. Wifi aliisoma peke yake kwanza. Akamsomea mumewe. Siku mbili nzima haikutajwa mbele ya Bi Mita, ingawa sufuria ilikuwa inabandikwa mara moja kwa siku na wote watatu waliijua barua ilipokuwa. Siku ya tatu Bi Mita ndiye aliyemwambia, "Wifi, nenda."

Alikwenda. Walimvalisha koti, wakampa mashine. Dampo lilikuwa limeshasogea: ukuta wa zamani ulivunjwa, mpya ukajengwa mbele zaidi, ukagusana na migongo ya nyumba za mtaa unaofuata. Mahali palipokuwa na nyumba kumi na nne walichimbia mabomba mapya manane.

Wiki ya pili alirudi jioni, buti mkononi, akaketi mezani bila kuvua koti. Alitoa fomu, akainyoosha kwa kiganja.

"Bomba la thelathini na nne liko palepale lilipokuwa jiko langu," alisema. "Nimeona kigae cha sakafu. Leo limesema tano."

"Umepeleka ofisini?"

"Nimepeleka. Nikaambiwa nikapime tena. Nimepima tena, tano. Nikaambiwa niende nayo nyumbani, nitulie, niirudishe kesho asubuhi." Alisita. "Nyuma ya ukuta kuna mama anauza maandazi. Anawasha jiko uani kila alfajiri. Nimesalimiana naye."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Ameniomba nisimwandike."

Kutoka chumba cha ndani kitanda kililia. Kaka alikuwa anajigeuza, anatafuta namna ya kuinuka bila kutumia mikono.

"Dada," aliita. Sauti yake ilikuwa imechoka, haina lawama wala ombi. "Mwelekeze mwenzio. Tukikosa na hii, tutakula nini?"

Wifi alikuwa ameshaiweka ncha ya kalamu kwenye safu ya thelathini na nne. Hakuandika. Aliinua macho akamtazama Bi Mita, kalamu imesimama juu ya karatasi, akingoja aambiwe.