Mlango wa Stoo ya Unga

Jumba la shamba lilikuwa limekaa miaka arobaini bila mtu, paa limebonyea na popo wamejaa darini, kamati ilipoanza kuchangisha watu ili likarabatiwe na kuhifadhiwa. Mchango wa kwanza haukutosha hata vigae vya varanda. Mkutano wa pili, katibu wa kamati alisimama akasimulia habari za bibi yake.

Bibi huyo alikuwa mpishi wa jumba lile. Siku moja sukari ilipungua, mwenye shamba akamfungia kwenye stoo ya unga siku mbili. Nje ya mlango alikaa binti yake wa miaka saba, amempakata mdogo wake mchanga anayelia njaa. Mama alilala kifudifudi akakwangua ubao wa mlango pale chini, kwenye upenyo alikosikia kilio, mpaka kucha zikang'oka. Alama zake bado zilikuwapo.

Ukumbi mzima ulilia. Huyu akatoa ng'ombe, yule akatoa mbao, mwenye malori akajitolea kubeba vigae vyote bure. Miezi mitatu baadaye paa lilikuwa limesimama.

Yule binti wa miaka saba ndiye mama mzazi wa katibu, sasa kikongwe mwenye macho hafifu. Kile kichanga ni mjomba wake, seremala ambaye watu walimwita Randa. Kikongwe huyo, bi mkubwa wa familia, alikubali habari ile isemwe hadharani kwa sharti moja tu: "Mlango msiuguse. Hata vumbi lake liacheni."

Randa alipewa kazi ya madirisha na milango yote. Asubuhi moja katibu alimfuata stoo.

"Mjomba, hizi alama hazionekani."

"Zinaonekana. Inama."

"Ndiyo maana. Wageni hawatainama. Kamati inazitaka hapa juu, usawa wa macho, na ziingie ndani kidogo."

"Mama hakusimama, wewe. Alilala chini."

"Nani anajua?"

"Mama yako anajua."

"Mama macho yake yameshakwenda. Sikiliza, mjomba, nikimwita yule fundi wa mashine, atauchana mlango kama anapasua kuni. Utafurahi?"

Randa aliona heri mkono wa mtoto wa mama mwenyewe kuliko mashine ya mgeni. Akatanua vidole vyake juu ya ubao, akazifuata nafasi zake kwa patasi. Baadaye kazi ikamnogea. Akapaka masizi na mafuta machafu, akarudi nyuma hatua mbili, akatabasamu.

Katibu alipokuja kukagua alisifu sana, kisha akaelekeza kiatu chini. "Sasa hizi zinaharibu. Mgeni ataanza kuuliza maswali."

Randa alipiga magoti, akaziondoa kwa randa, taratibu. Maranda yaliyoanguka yalikuwa membamba, yenye vijistari vyeusi. Akayafagia pamoja na mengine.

Siku ya ufunguzi wageni walipanga foleni, kila mmoja akitia vidole kwenye mikwaruzo. Bi mkubwa aliletwa akishikwa mkono na mwanawe. Hakusimama foleni. Alishuka magotini, kidogo kidogo, watu wakampisha. Akapapasa chini ya mlango. Palikuwa laini. Akapapasa tena, toka upande wa bawaba mpaka upande wa kitasa, akarudi.

"Kaka," alimwambia Randa aliyekuwa kando ya mlango, "zimekwenda wapi?"

"Ziko juu, dada."

Randa akamwinua, akamshika kiganja, akakipeleka kwenye alama. Kile kiganja kidogo hakikuzijaza. Vidole vilielea ndani ya mifereji mipana. Bi mkubwa aligeuka, akaushika mkono wa ndugu yake, akaupima kidole kwa kidole.

"Hivi ni vidole vyako."

"Uchungu umemzidi mama yetu," katibu akawaambia wageni, na wageni wakapiga makofi.

Picha ya ndugu wawili wamesimama mlangoni, mkono ndani ya mkono, ilisambazwa kila mahali. Ilileta michango kuliko hotuba zote, na kamati ikaanza kukarabati mazizi ya farasi.

Jumapili Randa alikwenda kwa dada yake kama kawaida yake. Alimsikia chumbani akizungumza vizuri tu na mkwe wake. Alipobisha, sauti ilikatika.

"Ni mimi, dada."

Mkwe alitoka akamletea chai. Randa aliinywa peke yake sebuleni, kiti cha dada yake kikiwa wazi mbele yake, akaaga mlango uliofungwa. Akafanya hivyo Jumapili tisa. Ya kumi, mkwe alimpokea nje, akamwomba asije tena, maana siku akija yeye, mama hali chakula.