Reli Nyepesi za Mjomba

Lori la mjomba lilipoingia uwanjani, mnunuzi wa vifaa vya reli alitoka ofisini nusura akimbie. Ndiye aliyempigania mjomba wake apewe kazi ile ya kuleta reli. Wakubwa walinung'unika kwamba anajaza jamaa zake kazini, naye akawaambia kwa kifua mbele kuwa mji mzima hauna mtu anayejua kusaka reli zilizotumika kama yule mzee.

Winchi ikashusha kipande cha kwanza. Mafundi wakakisogeza hadi kwenye reli iliyokwisha kulazwa juu ya mataruma, wakalinganisha. Kile kipya kilikuwa kifupi kwa kimo, kichwa chake chembamba. Gurudumu lingefika kwenye kiungo lingedondoka.

"Hii ni ya kilo thelathini kwa mita," alisema msimamizi wa mafundi. "Njia kuu inataka hamsini na nne. Hii ni ya kusukumia behewa tupu karakanani."

Mnunuzi alihisi macho ya mkuu wake mgongoni. Damu ikampanda.

"Mjomba, umeniuza!" alifoka mbele ya watu wote. "Nimekuombea kazi, unaniletea takataka? Ulidhani kwa kuwa mimi ni mtoto wa dada yako nitafumba macho?"

Mzee alifungua mdomo. Akamwona mkuu aliyesimama nyuma ya mpwa wake, akaufunga tena.

"Haya, makosa ni yangu," alisema. "Zirudisheni kwenye lori."

Dereva wake alitaka kutia neno. Mzee akamshika bega.

Ofisini, huku bado anahema, mnunuzi alichukua simu atafute ushahidi wa kumkomesha kabisa. Akaubonyeza ujumbe wa sauti aliomtumia mjomba wake wakati wa kuagiza. Ikatoka sauti yake mwenyewe, anatafuna na kucheka: "Thelathini, mjomba. Zote thelathini. Usinibishie bwana, kazi hii naijua mimi." Chini yake palikuwa na jibu ambalo hakuwahi kulisikiliza: "Subiri kwanza, una hakika? Si umesema ni za njia kuu?"

Alikuwa akiagiza za njia kuu na za karakana kwa wakati mmoja, akazichanganya. Na mzee alikuwa na ujumbe huo kwenye simu yake mfukoni muda wote. Angeubonyeza tu pale uwanjani, kazi ya mpwa wake ingeota mbawa.

Alitoka nje, simu mkononi. Lori lilikuwa bado linapakiwa.

"Mzee, hizo kajengee banda la kuku!" fundi mmoja alitania, wenzake wakaangua kicheko. Mzee naye akacheka kidogo. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma mpwa wake kuliko yote.

"Acheni," alisema. "Aliyekosea ni mimi. Niliagiza thelathini. Aliniuliza, sikumsikiliza." Akaubonyeza ujumbe wote wausikie, mkuu akiwemo. Mafundi wakainama ghafla, kila mtu na boliti yake.

"Mjomba, nisamehe."

"Nimekusikia," mzee alijibu, macho yake kwenye minyororo ya lori. "Kunitukana ungenitukania nyumbani. Hawa hapa ndio wanaonipa riziki."

Reli nyepesi zikachukuliwa na karakana. Zile nzito mzee alizipata kwenye njia ya kiwanda kilichofungwa, akazileta mwenyewe, zikakaa sawasawa. Ununuzi wa njia kuu ulikuwa umeshakabidhiwa mtu mwingine. Mzee alipita dirishani kwa mpwa wake akamsalimu vizuri kabisa, kama anavyosalimiwa karani wa ofisi ngeni, akaendelea na safari yake.